Usiseme "Alijitakia"



Sisi tunaoishi Kerende bahari tunaisikia zaidi kuliko tunavyoiona. Maji tunayoyafahamu ni ya Mto Mara, na mtu wa kwetu akitaka kuona chombo chenye tanga huenda hadi Musoma, ziwani. Hata hivyo, leo nivumilie nikupeleke Bahari ya Hindi. Yaliyotokea kule yanahusu neno moja ambalo huku kwetu tunalisema mno tukiwa tumekaa chini ya turubai za misiba.

Mwezi Julai 2008 baba mmoja Mfaransa, Florent Lemaçon, aling'oa nanga katika mji wa Vannes, magharibi mwa Ufaransa, pamoja na mkewe na mtoto wao mdogo. Walikuwa wameacha kazi. Makazi yao sasa yalikuwa boti ya matanga iitwayo Tanit. Humo walipika, walilala na kumlea mtoto wao. Walisema wanataka kuachana na vitu vya ziada, televisheni ikiwemo, wabaki na yale ya lazima. Safari yao ilielekea huku kwetu, Zanzibar.

Njiani, jeshi la majini la Ufaransa liliwaonya kwamba maharamia wa Kisomali wanateka vyombo katika maji yale. Waliendelea. Tarehe 4 Aprili 2009 walitekwa, wao pamoja na marafiki wawili waliokuwa nao chomboni. Mtoto alikuwa na umri wa miaka 3. Tarehe 10 Aprili makomandoo wa Ufaransa waliivamia boti ili kuwaokoa. Mama, mtoto na wale marafiki wawili walitoka salama. Maharamia wawili waliuawa. Baba naye aliuawa, na baadaye serikali ya Ufaransa ilikiri kwamba risasi iliyompata ilitoka kwa waokoaji wenyewe. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa Kuu.

Najua neno linalokujia mdomoni. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Alionywa, akakaidi, akampeleka mtoto mdogo kwenye hatari. Alijitakia.

Ngoja kwanza. Wiki ileile, tarehe 8 Aprili, maharamia waliivamia meli ya mizigo ya Marekani, Maersk Alabama, ikiwa safarini kwenda Mombasa na shehena ya chakula cha msaada. Waliondoka na nahodha wake, Richard Phillips, katika boti ndogo ya kujiokolea. Tarehe 12 Aprili wanajeshi wa Marekani walimwokoa akiwa hai. Siku hiyo ilikuwa Pasaka. Mmoja alikufa Ijumaa Kuu, mwingine akatoka mzima Jumapili ya Ufufuko. Je, wa pili alikuwa mwema kuliko wa kwanza? Je, Mungu alimpenda huyu akamwacha yule? Nani kati yetu anaweza kusimama mbele ya yule mjane na kumwambia hivyo?

Bwana wetu alikutana na swali hilihili. Watu walimletea habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato wakiwa kwenye kutoa sadaka. Yeye mwenyewe akaongeza habari za watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu. Akawauliza kama marehemu hao walikuwa wakosefu kuliko wenzao, kisha akajibu mwenyewe kwamba sivyo. Halafu akawageukia waliokuwa wakimsikiliza, akawataka wao watubu (Lk 13:1-5). Injili hii tunaisoma Dominika ya Tatu ya Kwaresima, Mwaka C.

Angalia alivyopanga maneno yake. Aliyekufa hahukumiwi, aliye hai ndiye anayeonywa. Sisi hufanya kinyume. Kijana akiwa hai tunanyamaza, akishakufa tunatoa hukumu.

Huku Nyamongo yote tunaijua habari hii. Kijana anatoka nyumbani usiku kwenda kuhangaikia mawe yenye dhahabu. Wengine hurudi, wengine huletwa. Msibani utasikia: "Alionywa huyu. Alijitakia." Na huenda anayesema hivyo ni mjomba ambaye juzi alipokea kutoka kwa kijana huyohuyo noti za elfu kumi kumi, akazikunja akatia mfukoni bila kuuliza zimetoka wapi. Nani alimwonya? Alimwonya lini, na kwa sauti gani?

Sisemi kwamba onyo halina maana. Imani si kuziba masikio. Mtu anayesema "Mungu yupo" halafu akadharau onyo la wanaoijua njia, anamjaribu Mungu. Mzazi mwenye familia ana wajibu wa kusikia mara mbili, kwa sababu chomboni hayuko peke yake. Kama wewe ni baba na leo umeitwa usiku kwenda mahali ambapo moyo wako unakukataza, mfikirie mtoto wa miaka 3 anayekusubiri nyumbani. Baki.

Mara baada ya maneno hayo Yesu alitoa mfano wa mtini usiozaa. Mwenye shamba alitaka ukatwe. Mtunzaji akauombea mwaka mmoja zaidi, akaahidi kuuchimbia pembeni na kuutia samadi. Sisi wafugaji samadi tunaijua, na tunajua kwamba haijitii yenyewe. Inabebwa, inanuka, inachosha mgongo. Kumwokoa kijana ni kazi ya namna hiyo: kuketi naye, kumuuliza usiku huwa anaenda wapi, kukataa fedha yake ikibidi, kumtafutia mtaji wa kuku au karo ya chuo cha ufundi. Jumuiya ndogondogo inaweza kuifanya kazi hiyo, ikianza kabla turubai halijafungwa.

Kiswahili kina neno moja kwa mambo mawili. Matanga ni vitambaa vinavyokipeleka chombo baharini, na matanga ni siku tunazokaa na wafiwa. Safari ya yule baba iliishia kwenye matanga, na ya kila mmoja wetu itaishia hukohuko. Siku ya kwako, utapenda watu waseme nini mbele ya mkeo na watoto wako?

Basi wiki hii ukienda msibani, neno lile limeze. Mpe mjane mkono. Uliza kama kuna unga, na nani atawapeleka watoto shule Jumatatu. Hukumu mwachie Mungu, ambaye Mwana wake naye alikufa Ijumaa, na waliopita njiani wakatikisa vichwa wakimdhihaki.

Nakutakia Dominika njema.