Sigi Wakati wa Masika

Vilima vya Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, havijawahi kusikia honi ya treni. Msafiri wa huko aliyetaka kupanda garimoshi ilimbidi ateremke Bukoba, avuke Ziwa Victoria kwa meli, ndipo aikute reli Mwanza, ilikofika mwaka 1928. Lakini iko reli moja ya milimani, upande wa pili wa nchi, ambayo habari zake zinagusana na za Kagera. Ni reli ya Sigi katika Usambara Mashariki, wilayani Muheza, mkoani Tanga. Treni zake zilikoma siku nyingi. Mahali ilipoishia sasa ni lango la watu wanaokuja kupanda mlima kwa miguu, na kila mwaka ifikapo Machi swali lao huwa moja: kwa mvua hizi, panapitika?

Reli kuu ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, na ilipofika 1911 ilikuwa imegusa Moshi. Kutoka stesheni ya Tengeni, karibu na Muheza, kampuni binafsi ya Wajerumani ilijenga tawi lake kati ya 1904 na 1910, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 20, ili kuteremsha mbao za msituni. Reli zake zilitengana sentimita 75 tu, ilhali za njia kuu zilitengana mita moja, kwa hiyo kila mzigo ulishushwa Tengeni na kupakiwa upya. Njia ilikomea Sigi, kama mita 450 juu ya usawa wa bahari. Mahali paitwapo Amani pako juu zaidi, karibu mita 900, na mwinuko huo wa mwisho haukuwekewa reli. Nyumba ya mkuu wa stesheni ya Sigi bado ipo. Ilikarabatiwa na kufanywa kituo cha kuwapokea wageni wa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa rasmi mwaka 1997.

Huko juu Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Franz Stuhlmann, yule yule aliyepita Karagwe mwaka 1891 akiwa katika msafara wa Emin Pasha, baada ya kambi ya Bukoba kuanzishwa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, meli za Ulaya zilipokatika, watafiti wa Amani walitengeneza hata kwinini kwa magome ya miti waliyoipanda wenyewe.

Undugu na Kagera unaonekana zaidi kwenye miti. Muhumula, kama Wahaya wanavyouita, kwa wataalamu ni Maesopsis eminii, jina lililotolewa kwa heshima ya Emin. Kando ya Ziwa Victoria ni mti wa nyumbani. Usambara ni mgeni, na mgeni huyo amejitanua mno. Ulipandwa Amani tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, ukapandwa tena kwa wingi baadaye. Magogo yalipokatwa kwa mashine, mpaka kazi hiyo iliposimamishwa katika miaka ya 1980, mwanga uliingia msituni na muhumula ukakua haraka kuliko miti ya asili, huku hondohondo wakila matunda yake na kuzitawanya mbegu. Mtu wa Kagera anayepanda kutoka Sigi atautambua njiani. Ajue kuwa ni kero kwa wanaoutunza msitu ule.

Sasa mvua. Usambara Mashariki inachomoza ghafla kutoka uwanda wa pwani, si mbali na bahari. Upepo wenye unyevu wa Bahari ya Hindi ukigonga mlima hupanda, hupoa na kuumwaga mzigo wake papo hapo. Amani hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na hata miezi ya kiangazi haikauki kabisa. Aprili na Mei ndiyo miezi mizito.

Udongo ni mwekundu wa mfinyanzi. Ukilowa huwa utelezi mtupu, na kuteremka ndiko kunakoangusha watu, si kupanda. Tuta la reli ya kale popote pale lina faida kwa mtembeaji: treni haiwezi mwinuko mkali, hivyo wajenzi huchonga njia ya taratibu inayozunguka kilima. Ubaya wake ni kwamba tuta huyakatiza maji yanayoteremka. Makalavati yakiziba kwa miaka, maji hutafuta njia yao wenyewe, hula ukingo na kuuporomosha. Basi kwenye mlima kama huu mtu asitembee ukingoni baada ya mvua ya usiku kucha, hata majani yakionyesha kuwa pameshikamana.

Vijito vinahitaji hadhari kubwa zaidi. Mto Zigi, unaolilisha bwawa la Mabayani na kulinywesha jiji la Tanga, hukusanya maji ya vilima vingi. Mvua ikinyesha juu, mto unaweza kujaa chini huku jua likiwaka. Maji yakigeuka rangi ya chai ya maziwa na kuanza kubeba vijiti, asiyevuka asubiri, na aliyekwisha kuvuka asirudi. Siafu nao hutoka wakati huu, wakizikatiza njia kwa misururu. Suruali ichomekwe ndani ya soksi.

Pamoja na hayo yote, masika ndipo msitu unapokuwa katika utajiri wake. Vyura huita kuanzia jioni, na miongoni mwao yumo Nectophrynoides tornieri, chura mdogo anayezaa watoto waliokwisha kukamilika badala ya kutaga mayai majini. Kwenye miamba yenye kivuli huota ua la Saintpaulia, lililopelekwa Ujerumani na ofisa wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, na kupewa jina la kitaalamu mwaka 1893. Leo linapandwa vyunguni madirishani duniani kote, ilhali nyumbani kwake linategemea kivuli cha msitu huu kubaki. Mbega huonekana pia, ukungu ukiruhusu.

Asiyezoea matope na achague Januari, Februari au Juni hadi Septemba. Anayekuja kwa ajili ya vyura na maua aje Machi mwanzoni, kabla njia hazijachimbika. Mwezi wa Aprili aulize hali ya barabara akiwa bado Muheza, maana bodaboda na basi hukwama kabla ya mguu kukwama. Avae gambuti au viatu vyenye meno, achukue fimbo na koti la mvua, aanze asubuhi, na amchukue mwongozaji pale kituoni Sigi. Waongozaji hao wanajua kijito kipi kilijaa jana.