Bili ya Vitabu Huanza Siku ya Kuchagua Kozi

Mwaka 1997 kijana wa Thailand, Supap Kirtsaeng, alikwenda Marekani kusoma hisabati Chuo Kikuu cha Cornell, baadaye akafanya uzamivu University of Southern California. Huko kwao, vitabu vya kiada vya Kiingereza viliuzwa kwa bei ya chini sana kuliko Marekani. Akawaomba ndugu na marafiki wamnunulie na kumtumia kwa posta. Akaviuza, akawarudishia fedha zao, akabaki na faida. Mwaka 2008 kampuni ya uchapishaji ya Wiley ilimshtaki, na mahakama ya kwanza ikamtaka alipe dola 600,000 kwa vitabu 8 tofauti. Kesi ilifika Mahakama ya Juu. Tarehe 19 Machi 2013, majaji 6 dhidi ya 3 waliamua kwamba nakala iliyochapishwa kihalali nje ya Marekani, ukishainunua, ni mali yako: unaweza kuiingiza nchini humo na kuiuza bila kumwomba mchapishaji ruhusa.

Kwa Mtanzania au Mkenya anayefunga begi kwenda kusoma uzamili Marekani, hukumu hiyo ni akiba ya kweli. Toleo la kimataifa lililochapishwa India, lenye karatasi nyepesi na onyo jaladani kwamba lisiuzwe nje ya eneo fulani, unaweza kulibeba bila wasiwasi. Nakala bandia, au kitabu kizima kilichodurufiwa steshenari, hakimo katika haki hiyo.

Hata hivyo, usikimbilie dukani. Nyumbani tumezoea idara itupangie karibu kila kozi. Kule utachagua nyingi mwenyewe, na kila kozi unayoichagua inakuja na vitabu vyake.

Anza na hesabu ya muda. Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, hulazimika kusoma muda wote, na vyuo vingi huhesabu hilo kuwa krediti 9 kwa muhula katika ngazi ya uzamili, yaani kozi 3 za krediti 3. Kwa kawaida kila krediti hubeba saa 1 ya darasani kwa wiki na angalau saa 2 za kujisomea. Krediti 9 ni saa 27. Ukiwa na kazi ya chuo ya saa 20, ambazo ndizo kikomo cha F-1 wakati wa masomo, umefikia saa 47. Kozi ya nne inakupeleka saa 56, kabla hujapika wala kufua. Na katika programu nyingi wastani ukishuka chini ya B, yaani 3.0, unaweza kupoteza ufadhili. Muhula wa kwanza chukua kozi moja ya lazima, moja ya mbinu za utafiti au takwimu, na moja ambayo msingi wake unao tayari. Ya kujaribu ujasiri isubiri muhula wa pili.

Kisha tazama kozi inataka vitabu vya namna gani. Semina ya historia inaweza kudai vitabu kumi, lakini vingi vyake vimo maktaba. Kozi ya uhasibu inaweza kudai kimoja tu, ghali, chenye msimbo wa kuingilia mtandaoni kufanyia mazoezi. Msimbo huo hutumika mara moja, kwa hiyo ukinunua kitabu cha mtumba huenda ukalazimika kuununua peke yake. Muulize mhadhiri mapema kama mazoezi hayo yana alama.

Wiki za mwanzo vyuo huruhusu kuongeza na kuacha kozi. Hudhuria kozi unazozifikiria, soma silabasi, sikiliza mhadhiri anasemaje kuhusu kitabu. Ila usiache kozi ukashuka chini ya idadi inayotakiwa kabla ya kuonana na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Kosa hilo linaweza kuharibu hadhi ya viza yako. Vilevile, kozi ya mtandaoni inayohesabiwa katika krediti hizo za lazima ni moja tu kwa muhula.

Sasa rudi kwenye orodha ya vitabu, uitenge kama walimu wetu walivyotufundisha: kiada na ziada. Vya ziada usinunue hata kimoja. Vya kiada vitafute kwanza maktaba. Wahadhiri wengi huweka nakala katika rafu maalumu ya kuazima kwa saa chache, na kisichopo, maktaba inaweza kukuagizia kutoka chuo kingine, mara nyingi bila malipo. Uliza pia kama chuo kimelipia toleo la kielektroniki. Ukihitaji kupiga msasa misingi ya shahada ya kwanza, vitabu vya OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice, husomwa mtandaoni bure.

Kinachobaki ndicho cha kununua, na usikitafute kwa jina tu. Chukua ISBN, namba yenye tarakimu 13, ulinganishe bei ya kipya, cha mtumba na cha kukodi. Sheria ya Marekani ya elimu ya juu ya mwaka 2008 inavitaka vyuo vinavyopata fedha za serikali kuu kuonyesha, inapowezekana, namba hiyo na bei wakati wa kujisajili. Toleo la kimataifa huwa na ISBN yake, kwa hiyo linganisha yaliyomo: mara nyingi sura ni zilezile, lakini namba za maswali zimebadilishwa. Toleo lililotangulia nalo ni hivyohivyo. Ukipata mwenzako mwenye toleo jipya, piga picha ukurasa wa maswali ya wiki, tatizo limekwisha.

Muhula ukiisha, uza mapema, maana toleo jipya likitoka la kwako hushuka thamani ghafla. Kimoja au viwili utakavyovifungua tena ukiandika tasnifu, vibakize. Hivyo ndivyo vinavyostahili nafasi katika kilo 23 za begi lako la kurudi.