Hospitali za vijijini na soko la fundi wa vidhibiti

TURIANI: Katika mji huu mdogo wa wilaya ya Mvomero, chini ya milima ya Nguru, bidhaa zinazozungumzwa ni miwa, mpunga na ndizi. Iko bidhaa nyingine ambayo haina mzani wala dalali, lakini anayeikosa huilipia kwa bei kubwa. Bidhaa hiyo ni kazi ya fundi wa vidhibiti vya kielektroniki katika majengo ya hospitali.

Kwa watu wengi hospitali ni daktari, muuguzi na dawa. Kwa mhasibu wa hospitali, jengo lenyewe ni mtambo. Lina pampu ya maji, jenereta, majokofu ya chanjo na ya damu, mtambo wa kutakasa vyombo vya upasuaji kwa mvuke, mashine za oksijeni na viyoyozi vya maabara. Kila kimoja kina kidhibiti, yaani kifaa kidogo kinachopima joto, shinikizo, kina cha maji au nguvu ya umeme, kisha kuamuru mtambo uwake au uzimike. Mtambo mkubwa huonekana na mgeni akaonyeshwa. Kidhibiti hukaa ndani ya kisanduku ukutani, na hakuna anayekikumbuka mpaka siku kinapoharibika.

Fundi wa vidhibiti si fundi umeme wa kutandaza nyaya, wala si mtaalamu wa vifaa tiba anayefungua mashine ya eksirei. Yeye yuko katikati. Hufuatilia amri kutoka kwenye kipimo, kupitia relei na kontakta, mpaka kwenye mota, akitafuta ni wapi imekatika. Silaha zake ni mita ya kupimia umeme, bisibisi, pasi ya kulehemu kwa risasi, mchoro wa nyaya na daftari.

MITAMBO INAYOTEGEMEA KIFAA KIDOGO

Chukua pampu ya maji. Tangi likijaa, swichi ya boya huizima. Kisima kikikauka, swichi nyingine huizima ili isizunguke bila maji. Pampu kubwa hutumia umeme wa njia tatu. Njia moja ikikatika kwa tawi la mti kuangukia laini, mota haisimami papo hapo. Huendelea kuvuta umeme mwingi kupita kiasi katika njia mbili zilizobaki, hupata moto na kuungua kwa muda mfupi. Kifaa kinachogundua kwamba njia moja imekosekana na kuizima pampu mapema kina bei ndogo sana kikilinganishwa na gharama ya kusuka upya mota. Juu ya gharama hiyo weka siku kadhaa ambazo wodi ya wazazi itachotewa maji kwa ndoo.

Chukua jokofu la chanjo. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Zikipata joto hupoteza nguvu, na baadhi yake zikiganda huharibika kabisa. Kipimajoto kilichokosea kwa nyuzi chache hakipigi kelele. Jokofu linawaka, taa ya kijani inaonekana, na mtoto anachomwa sindano isiyomkinga.

Mtambo wa kutakasa vyombo nao kwa kawaida hufikia nyuzi 121 au 134 kwa mvuke wenye shinikizo, kwa muda uliopangwa. Kidhibiti kikikata joto kabla ya wakati, vyombo vitatoka vikiwa vya moto na vikionekana safi, lakini vijidudu vitakuwa hai.

Ama jenereta, mara nyingi kosa haliko kwenye injini. Umeme ukikatika, swichi ya kubadilishia umeme inapaswa kuhisi, kuamuru jenereta iwake, kusubiri itulie, kisha kuhamisha mzigo. Amri hiyo yote hutegemea betri. Betri ya voti 12 iliyojaa husoma karibu voti 12.6 ikiwa imepumzika; ikisoma 12 au pungufu imekaribia kuisha. Betri ya namna hiyo huweza kuwasha taa za kisanduku vizuri na bado ikashindwa kuzungusha injini. Hapo mama yuko juu ya meza ya upasuaji, tangi la dizeli limejaa, na tofauti kati ya mwanga na giza ni kipimo ambacho fundi angekisoma kwa dakika tano mchana wa siku hiyo.

UMEME MWINGI SI UMEME MZURI

Wapo wanaodhani tatizo hili litajimaliza lenyewe. Tanzania ilipitia mgao mkali wa umeme katika miaka ya 1990, tena mwaka 2006 na 2011. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme katika gridi mwaka 2024. Hata hivyo, kuzalisha ni jambo moja na kufikisha ni jingine. Laini inayopita masafa marefu vijijini hukutana na miti, radi na mzigo unaopanda jioni. Umeme uliotakiwa kuwa voti 230 huweza kushuka mpaka kompresa ya jokofu ikashindwa kuwaka, au ukarudi kwa kishindo na kuunguza kadi za elektroniki. Sehemu zilizo karibu na milima, zenye mvua na unyevu mwingi, huongezewa kutu kwenye viungio vya nyaya. Kwa hiyo kadiri hospitali inavyonunua mitambo ya kisasa, ndivyo inavyozidi kumhitaji fundi huyu.

Takwimu zilizopo zinaunga mkono hoja hiyo. Uchunguzi wa Perry na Malkin uliotolewa mwaka 2011, uliohusisha vifaa zaidi ya 112,000 vya hospitali katika nchi 16 zenye uwezo mdogo, uligundua kuwa karibu asilimia 40 havikuwa vikifanya kazi. Mwaka mmoja kabla, Malkin na Keane walichambua maombi 2,849 ya matengenezo kutoka hospitali 60 za nchi 11. Waligundua kuwa asilimia 72 ya vifaa vilivyokuwa vimekufa vilirudishwa kazini bila kuagiza vipuri kutoka nje. Mambo yaliyohitajika kwa sehemu kubwa yalikuwa ujuzi wa kawaida wa umeme, mota, mabomba na matumizi sahihi ya kifaa. Kwa lugha ya biashara, mtaji mkubwa umelala stoo kwa kukosa gharama ndogo ya kuuamsha.

HESABU YA MWAJIRI

Swali linalofuata ni kwa nini hospitali haziajiri. Jibu liko kwenye hesabu. Mfano ufuatao ni wa kukadiria tu, ili kuonyesha njia.

Tuseme hospitali humwita fundi kutoka Dar es Salaam mara sita kwa mwaka, na kila safari, pamoja na nauli, malazi na ujira, hugharimu sh. 350,000. Jumla ni sh. 2,100,000. Fundi wa kudumu anayelipwa sh. 600,000 kwa mwezi atagharimu sh. 7,200,000 kwa mwaka, na mwajiri akichangia asilimia 10 ya mshahara katika mfuko wa hifadhi ya jamii ni sh. 720,000 zaidi. Jumla inafika sh. 7,920,000. Kwa hesabu hiyo mkurugenzi yeyote makini ataendelea kupiga simu Dar es Salaam.

Lakini hesabu inabadilika taasisi tatu zikishirikiana, kwa mfano hospitali, kituo cha afya na shule ya bweni yenye kisima. Kila moja italipa sh. 2,640,000, yaani sh. 540,000 zaidi ya gharama ya kuita fundi wa mbali. Hizo ni sh. 45,000 kwa mwezi. Kwa fedha hizo taasisi inanunua ukaguzi wa kila wiki mahali pa ziara sita kwa mwaka, na inaondoa siku za kusubiri. Mota moja iliyookolewa, au shehena moja ya chanjo isiyotupwa, inatosha kurudisha tofauti hiyo. Kwa maneno mengine, hiyo ni bima, na bima haipimwi kwa mwaka ambao hakuna kilichoungua.

UJUZI UPO JIRANI

Turiani ina faida ambayo miji mingi ya ukubwa wake haina. Jirani yake ni kiwanda cha sukari cha Mtibwa, kilichobinafsishwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Kiwanda cha sukari huchemsha maji kwa mabaki ya miwa, huendesha mota nyingi na hutegemea vipimo vya joto na shinikizo usiku na mchana. Kontakta ya pampu ya kiwandani na ya pampu ya hospitalini ni ndugu. Anayeweza kufuata mchoro wa moja ataufuata wa nyingine, ingawa hospitalini atalazimika kujifunza usafi, utaratibu wa kuzima mtambo kwa taarifa, na kutogusa mashine iliyounganishwa na mgonjwa bila ruhusa.

Wapo pia vijana wanaotoka vyuoni. Mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, VETA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994 na ina chuo Kihonda, mjini Morogoro. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, hufundisha uhandisi wa vifaa tiba. Kwa kazi za ufungaji umeme, mhusika anapaswa kuwa na leseni ya EWURA. Mwekezaji asiipuuze karatasi hiyo, kwani taasisi nyingi haziwezi kumlipa mtu asiye na leseni wala namba ya mlipakodi.

NAFASI NA HATARI KWA MWENYE MTAJI

Mfanyabiashara mdogo anayefikiria kufungua duka la vipuri na huduma ya matengenezo anashauriwa kuzingatia mambo manne.

Kwanza, hospitali peke yake haitoshi kulisha duka. Wateja wa kila siku ni mashine za kukoboa mpunga, mabucha yenye majokofu, nyumba za wageni na miradi ya maji. Kontakta, relei, fyuzi, kapasita na swichi za boya hutumika kwa wote, hivyo ndizo za kuwekwa rafuni kwanza. Kadi maalumu za mashine moja ziagizwe mteja akishalipa amana.

Pili, bidhaa bandia. Kontakta isiyo na ubora hufanana na halisi kwa rangi na maandishi, lakini viungio vyake huyeyuka mapema. Anayenunua Kariakoo adai risiti, alinganishe uzito na kuipima kabla ya kuipakia kwenye basi. Faida ya elfu chache kwenye kipuri kimoja huweza kuua jina la duka kwa miaka.

Tatu, fedha hukawia. Hospitali husubiri marejesho ya bima na ruzuku, na fundi husubiri hospitali. Mkataba wa mwaka unaolipwa kila mwezi ni bora kuliko ankara kubwa baada ya ajali. Mwenye mtaji wa kuhimili miezi mitatu bila malipo ataendelea. Asiye nao atafunga akiwa na madeni mazuri kwenye vitabu.

Nne, daftari. Kila ziara iandikwe: tarehe, kipimo kilichosomwa, kilichobadilishwa, sahihi ya aliyepokea. Daftari ndilo humwonyesha mhasibu kwamba betri iliyobadilishwa Februari ndiyo iliyowasha jenereta usiku wa mvua za Aprili. Bila daftari, fundi mzuri huonekana hana kazi, kwa sababu hakuna kinachoharibika.

Hapo ndipo ugumu wa soko hili ulipo. Muuza mchele hulipwa kwa gunia linaloonekana. Fundi wa vidhibiti hulipwa kwa jambo ambalo halikutokea. Taasisi itakayojifunza kulipia jambo hilo itatumia kidogo, na mfanyabiashara atakayeweza kulieleza kwa tarakimu atapata mteja asiyemkimbia.