Tiki moja iliyoificha karakana ya Keko

Ukitaja Keko, Dar es Salaam, mtu anajua unazungumzia vitanda na makochi. Yuko mama mmoja pale, mwenye karakana, ambaye tovuti yake si haba: picha safi za vitanda vya mninga, bei zimeandikwa, namba ya WhatsApp iko juu kabisa. Kilichonisumbua ni kwamba niliandika jina la karakana hiyo kwenye Google, herufi kwa herufi, na haikutokea. Nikaenda ukurasa wa pili, wa tatu. Haimo.

“Kaka, hata mimi nilidhani ni ushindani tu,” anasema, akipangusa unga wa mbao kwenye simu yake.

Akaanza kujisomea usiku, mafundi wakishaondoka. La kwanza alilojifunza ni kuandika site: na kufuatisha anwani ya tovuti yake, bila kuacha nafasi, pale pa kutafutia. Hapo Google hukutolea kurasa zako inazozifahamu. Yeye hakutolewa hata mmoja.

Chanzo alinionyesha kwa kidole. Tovuti yake imejengwa kwa WordPress, na ndani ya mipangilio yake, upande wa usomaji, kuna kisanduku kidogo cha kuziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti. Fundi hukitia tiki wakati anajenga, kazi isije ikaonekana mbichi. Akimaliza, aitoe. Huyu wa kwake alikabidhi kazi, akalipwa, akaenda zake. Tiki hiyo huacha neno noindex katika kila ukurasa, mahali ambapo mteja hapaoni lakini roboti ya Google inapasoma na kutii. Tovuti inafunguka vizuri kabisa! Ukimtumia mtu anwani, anaingia, anasifia picha.

“Nimelipia fremu, nimepanga mali, kumbe mlango umefungwa kwa nje.”

Alitoa tiki, akajiunga na Search Console, huduma ya bure ya Google, akaomba ukurasa wake wa mbele upitiwe upya. Mengine yalikuwa mepesi. Kichwa cha ukurasa kilichosomeka “Home” kikawa “Vitanda na makochi, Keko Dar es Salaam”. Picha nzito zikapunguzwa, maana wateja wake wanaingia kwa simu na bando la kubana. Ile orodha ya maneno muhimu ya kufichwa ndani ya ukurasa, ambayo kuna watu bado wanaiuza kama siri, aliiacha. Google ilishasema tangu 2009 kwamba haiitumii kupanga matokeo.

Siku hizi, humo Search Console, anaona watu walivyomtafuta: “kitanda 5 kwa 6 bei”, “kochi la L”. Anaona na waliompita bila kubofya, na hao wanamuuma. Tena Google imeanza kujibu yenyewe juu ya matokeo. Mtu akishasomewa bei huko, anauliza, atafungua tovuti ya nini?

Fundi yule amejengea wengine mtaani. Mama amewajaribu kwa site: yake, na wawili hawamo.

“Mmoja nimeshamwambia. Mwingine anauza makochi kama yangu.”

Nilipomuuliza kama huyo naye atamwambia, alitaka kwanza kujua makala hii inatoka lini.