Sura ya Saba: Kabla ya Kusema Ni Uzee

Katika Milima ya Usambara, upande wa Korogwe, ipo Hospitali ya Lutindi. Wamisionari wa Kijerumani walianzisha kituo hicho mwaka 1896 kiwe makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Tangu 1904 kinatunza wagonjwa wa akili. Kwa miaka mingi ya mwanzo hapakuwa na dawa mahususi ya magonjwa hayo. Klorpromazini ilianza kutumika Ufaransa mwaka 1952, ikatuliza wengi, lakini ikaleta kukakamaa kwa misuli na kutetemeka. Ili kuzuia hayo, wagonjwa huongezewa kidonge cha pili: benzhexoli.

Benzhexoli huzuia asetilikolini, kemikali ambayo seli za neva hutumia kupashana habari. Mkono hutulia. Lakini kemikali hiyohiyo ndiyo ubongo huitegemea katika kukumbuka, na akiba yake hupungua umri unapokwenda. Ndiyo maana kidonge anachokihimili kijana humkausha mzee mdomo, humfungisha choo na pengine humchanganya akili. Amitriptilini, inayotolewa kwa sonona na maumivu ya neva, ina tabia hiyo; vilevile oksibutinini ya kibofu na prometazini ya mzio.

Kuchanganyikiwa huku mara nyingi huisha dawa ikiondolewa. Je, dawa za aina hii zikitumika miaka? Mwaka 2019 watafiti wa Nottingham, Uingereza, walilinganisha watu 58,769 wenye dimenshia, yaani maradhi ya kupotewa na kumbukumbu na fahamu, na 225,574 wasio nayo. Kwa waliokuwa wametumia dawa hizo kwa kiasi kinacholingana na dozi ya kila siku kwa miaka mitatu au zaidi, uwezekano wa dimenshia ulizidi kwa karibu nusu. Dawa za sonona, Parkinson, kibofu, kifafa na magonjwa ya akili zilihusishwa. Za mzio hazikuhusishwa. Hata hivyo, kuhusishwa si kusababisha: sonona yenyewe huweza kuwa dalili ya awali ya dimenshia.

Huko huko Usambara, mzee wa Mlalo au Mtae anaweza kupewa dawa moja hospitalini Lushoto, nyingine zahanati, ya tatu akainunua duka la dawa muhimu, asiwepo hata mmoja aliyeziona zote pamoja. Akianza kusahau, nyumbani husemwa ni uzee. Msiseme hivyo upesi. Tieni dawa zake zote katika mfuko mmoja, mzipeleke kwa daktari au mfamasia, mwulize ipi bado inahitajika. Msimwachishe ghafla wenyewe, kwani kuna dawa ambazo kuzikatisha ni hatari kuliko kuzimeza.