Kichinjio Kijengwe Wapi?

Vikundi vingi vya mwethya vikipata pesa kidogo hufikiria kujenga kichinjio au banda la ngozi pale sokoni. Hesabu ya mabati na simiti hufanywa vizuri sana. Lakini mahali pa kujenga huamuliwa na yule aliyejitolea shamba, basi.

Watu wa kale walilifikiria jambo hili. Wakati huo ngozi ilitolewa manyoya kwa chokaa, halafu ikalainishwa kwa mavi ya mbwa au ya ndege, kwa hivyo huhitaji kuuliza fundi alikaa wapi. Sheria za Wayahudi zilizokusanywa karibu mwaka 200 baada ya Kristo zilitaka kazi hiyo iwe dhiraa 50 nje ya mji, yaani kama mita 23, tena upande wa mashariki. Kule upepo mwingi hutoka baharini, magharibi. Hata Simoni mtengenezaji wa ngozi, aliyemkaribisha Petro huko Yafa, tunasoma katika Matendo ya Mitume kwamba alikaa kando ya bahari. Na mwaka 1361 mfalme wa Uingereza aliamuru wachinjaji wa London wakachinjie nje ya mji, maana damu na matumbo vilijaa njiani na mtoni.

Basi uchafu ulipelekwa mbali, na mara nyingi maji ndiyo yaliyouchukua. Yaliupeleka wapi? Sisi tunajua, kwa sababu tuko chini. Mto Athi hupokea maji machafu ya Nairobi na kupita karibu na viwanda vya mji wa Athi River kabla ya kufika kwetu na kuwa mpaka wa Kitui na Makueni.

Mito yetu midogo nayo ni ya mchanga. Tiva na Kaiti hukauka miezi mingi, kwa hivyo damu ikimwagwa kando yake haiendi popote. Inazama mchangani, palepale akina mama wanapochimba maji.

Kabla ya kununua simiti, washeni moto wa moshi mahali hapo, asubuhi na jioni, mwone moshi unaelekea wapi. Kwetu upepo mwingi hutoka mashariki, kwa hivyo mkiwaiga wale Wayahudi soko lote litanuka! Halafu fuateni kwa miguu njia ya maji ya mvua mpaka kisimani. Damu iingie shimo lenye kifuniko, mbali na korongo. Na afisa wa afya aitwe kabla msingi haujachimbwa, si wakati ukuta umeshasimama.