Kimbunga Kitafika au Hakitafiki?

Wanachama wetu wengi watakumbuka siku za mwanzo wa Mei 2024, pale jina la Hidaya lilipokuwa katika kila kinywa, Unguja, Pemba na mrima wote. Mwezi ule karafuu hazikuwako majamvini, lakini mikarafuu ilikuwako shambani, na mkarafuu mzima ukianguka hauinuliki. Kwa hiyo tumeona yafaa tuwasimulie tuliyoyaona Bagamoyo, ambako shughuli zilitupeleka juma lile, kati ya watu wapendao kutazama mbingu.

Watu hawa si maofisa. Mmoja ni mwalimu wa skuli, mwenye kipima mvua uani kwake na daftari la miaka mingi. Wa pili ni nahodha mzee wa jahazi la mizigo. Wa tatu ni kijana muuza samaki, ambaye simu yake imejaa picha za mawingu zilizopigwa na setilaiti. Jioni hukutana karibu na soko la samaki wakabishana, na rafiki yao mkulima wa Ubena, upande wa Chalinze, huwapigia simu kuwapa khabari za mvua ya kwao.

Siku hizo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitangaza kuwa kuna mgandamizo mdogo wa hewa baharini, mashariki ya pwani ya Mtwara. Haukupita muda ukawa kimbunga kamili. Swali la barazani likawa moja tu: kitafika wapi? Kijana akatuonyesha mistari iliyochorwa na kompyuta za nchi mbali mbali. Kwa siku ya kwanza mistari yote ilikwenda pamoja. Kwa siku ya tatu ilikuwa imetawanyika kama vidole vya mkono.

Nahodha akacheka. "Na Jobo, Mwalimu? Si mlisema hivi hivi?"

Hapo alikuwa na hoja. Mwezi wa Aprili 2021 kimbunga Jobo kilitoka upande wa kaskazini ya Bukini, na pwani yetu ikaonywa mpaka Dar es Salaam na visiwani. Watu wakafunga maduka, wavuvi wakavuta ngalawa juu. Jobo kikaishiwa nguvu baharini, kikafika pwani hali si kimbunga tena. Tangu siku ile wako wasemao kuwa maonyo ni ya kutisha watu bure.

Mwalimu hakukasirika. Alieleza kuwa upande wetu vimbunga ni vichache kwa sababu mbili. Kwanza, tu karibu na ikweta, na kimbunga huhitaji mzunguko wa dunia kukisokota. Karibu na ikweta msokoto huo ni dhaifu. Pili, kisiwa cha Bukini hutukinga na vingi vitokavyo mashariki. Lakini kuwa vichache si kutokuwako. Akatukumbusha Lindi, iliyopigwa Aprili 1952, kisha akaitaja taarikh ambayo kila mwenye mkarafuu yampasa kuijua: 15 Aprili 1872.

Siku ile, zama za Seyyid Barghash, tufani iliivamia Unguja. Vyombo vilizama bandarini, majumba yakabomoka, na sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja iking'oka au kuvunjika. Bagamoyo nako misheni ya mapadri, iliyokuwa haijatimiza miaka 5, iliharibiwa. Hapakuwa na wa kuonya. Simu ya chini ya bahari ilifika Unguja mwaka 1879. Pemba iliokoka kwa sehemu kubwa. Unguja ilipanda upya, lakini mkarafuu hungoja miaka 6 au zaidi kabla ya kuzaa, na kwa muda huo bei ilipanda na mashamba ya Pemba yakaenea. Basi ukubwa wa Pemba katika karafuu mpaka leo una mizizi yake katika upepo wa siku moja.

Baraza ikanyamaza. Jahazi la nahodha lilikuwa limekwisha pakiwa kwa safari ya Unguja, na abiria walikuwa wakimhimiza, nasi tukiwamo, maana tulitaka kurudi nyumbani. Bahari ilikuwa shwari, hata jani halikutikisika. Mzee akatazama upeo wa macho muda mrefu, akasema: "Shusheni mizigo." Wengine walinung'unika. Twakiri kuwa nasi tulinung'unika kidogo.

Ijumaa bahari ikaanza kuchafuka, na boti za Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa. Jumamosi, 4 Mei, Hidaya kikapiga Mafia, na usiku ule kikapungua nguvu. Kusini mvua ilifanya khasara kubwa. Barabara ya Lindi ilikatika upande wa Kilwa. Bagamoyo tulipata upepo, mawimbi na mvua, na mikarafuu ya visiwani ikasalimika.

Jumapili tulimkuta nahodha akitweka tanga likauke. Alikuwa amepoteza nauli ya siku tatu, na hapana wa kumlipa. Tulimwuliza kama anajuta. Akajibu: "Nauli nitaitafuta tena. Watu nitawatafuta wapi?"

Wanachama, utabiri hauwezi kuapa. Hutaja khatari iliyopo, na kadiri siku inavyokuwa mbali ndivyo shaka inavyozidi. Kwa hiyo sikilizeni tangazo la kila siku, maana la juzi limekwisha chakaa. Mnaposikia onyo, zibueni mifereji ya shamba, kwani mti uliosimama katika udongo uliolowa huanguka upesi. Fungeni mapaa ya maghala, inueni magunia juu ya sakafu, wala msiwaache wachumaji mitini upepo unapoanza. Na wakati wa salama pandeni miti ya kukinga upepo upande wa bahari.

Kama onyo likipita na upepo usije, tusimcheke aliyeonya. Tushukuru, kisha tukatazame mikarafuu yetu ikiwa imesimama.